Godoro la Tatu

Tuliwaacha Sumie na mumewe Tadaomi mlangoni mwa chumba chao, wamevaa yukata zinazofanana, kanzu nyepesi za nyumba ya wageni, matumbo yamejaa samaki wa mji wa pwani wa Kotomari. Mlango wa karatasi ulikuwa umefunguka nusu. Ndani, juu ya mikeka ya tatami, yalikuwa yametandikwa magodoro matatu.

Wao walikuwa wawili.

"Mama Nazuna," Tadaomi alisema polepole. "Hebu hesabu na wewe."

"Nimehesabu."

"Umepata mangapi?"

"Matatu."

"Basi macho yangu hayana tatizo."

Sumie aliingia kwanza, akaenda moja kwa moja dirishani na kujifanya anatazama bahari. Jua lilikuwa bado halijazama. Bahari ilikuwa imetulia kabisa, lakini moyo wake ulikuwa unadunda kama mashine ya kufulia.

"Labda wamesikia unavyogaagaa usingizini," alisema bila kugeuka. "La tatu ni la kuangukia."

"Mimi sigaagai."

"Nani analala pembeni yako, mimi au wewe?"

Hapo ndipo Tadaomi alipaswa kubisha. Mwanamume huyu hubishana hata na mtangazaji wa hali ya hewa kwenye televisheni. Mwaka jana alibishana na daktari wa meno huku mdomo uko wazi. Lakini jioni hii alikohoa kidogo, akafunga upya mkanda wa yukata yake, akasema:

"Ee, huenda. Nyumba nzuri hii. Wanafikiria kila kitu."

Sumie aligeuka akamtazama. Mumewe kakubali jambo mara ya kwanza? Alitamani kumgusa paji la uso aone kama ana homa.

"Natoka kidogo," Tadaomi alisema.

"Unakwenda wapi? Nataka kumimina chai."

"Kushusha chakula."

"Si umesema umeshiba mpaka huwezi kuinama?"

"Ndiyo maana nakwenda kukishusha."

Akatoka. Sumie alisikia mitalawanda yake ya mbao ikigonga mawe ya uani, kisha akamwona akiteremka barabarani peke yake. Midomo yake ilikuwa inacheza, kama mtoto anayekariri shairi la shule.

Kwa ajili yako uliyeshika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, nikueleze kwa nini godoro moja lilimtoa mama wa watu jasho.

Nazuna ni binti yao wa pekee. Miaka mitatu iliyopita alimleta nyumbani kijana aitwaye Ippei, muuza viazi vitamu vya kuchoma, anayezunguka mitaani na gari dogo lenye tanuri nyuma. Ippei aliinama mpaka paji la uso likagusa tatami, akaomba ruhusa ya kuoa, na mbele ya baba mkwe akaweka boksi la viazi vyake bora kuwa zawadi. Tadaomi, aliyekuwa mkuu wa kituo katika shirika la reli, alilirudisha boksi lile kwa posta bila kulifungua. Hakuambatanisha hata neno moja. Nazuna aliolewa bila yeye, na tangu siku hiyo baba na binti hawajasemezana.

Sasa Jumatatu Nazuna na mumewe wanahamia Hokkaido, kaskazini kabisa, kwenye shamba aliloachiwa Ippei na mjomba wake. Sumie aliwaza: wasipopatana wikiendi hii, watakuja kupatana lini? Akamwambia mumewe waende Kotomari kupumzika, kusherehekea kustaafu kwake. Kwa siri akamwita Nazuna aje na basi la jioni, wakati baba yake ameshaoga, ameshakula, na pombe ya mchele imeshamlainisha. Akaipigia simu nyumba ya wageni: pawe na godoro la tatu, lakini litandikwe pale tu mumewe atakapokwenda kuoga mara ya pili.

Godoro limewahi. Mgeni hajafika. Na mzee katoka akiongea peke yake.

Sumie alitoka chumbani mbio.

* * *

Mhudumu wa ghorofa ile aliitwa Hatsue, mama wa makamo, mwenye nywele zilizobanwa vizuri na sauti ya chini kama mtu aliye msibani. Sumie alimkuta kwenye korido amekumbatia mito.

"Mama Hatsue! Si nilikuomba lile godoro lisubiri?"

Hatsue aliweka mito chini, akapiga magoti, akainama.

"Samahani sana, mama. Tumekosea sana. Lakini ndivyo tulivyoambiwa."

"Na nani?"

"Na mzee."

"Mzee gani?"

"Mzee wako, mama."

Sumie alishika ukuta.

"Mume wangu alikupigia simu?"

"Siku mbili baada yako. Alisema kutakuwa na mgeni wa tatu, na wewe usijue. Akaomba godoro la mgeni litandikwe mapema pamoja na yenu, ili mgeni asije akahisi hakutarajiwa." Hatsue aliinama tena. "Tukaona ni vizuri mno. Mke amepiga, mume amepiga, kila mmoja anataka kumshtukiza mwenzake kwa mgeni yule yule. Tulicheka jikoni kwa furaha."

"Hukuniuliza?"

"Ningekuuliza, mama, ningekuharibia. Na ningemuuliza mzee, ningemharibia. Hapa mgeni akisema ni siri, sisi tunakuwa hatuna masikio."

"Na kama ni wageni wawili tofauti?"

Uso wa Hatsue ulianza kupoteza rangi kidogo kidogo, kama kitambaa kilichotumbukizwa majini.

"Mama," alinong'ona, "nilete la nne?"

"Subiri kwanza. Huyo mgeni wa mume wangu ni nani?"

"Sijui jina, mama. Lakini ameshafika. Alifika wakati mnakula. Tumempeleka kuoga."

"Ameshafika? Yuko bafu gani?"

Hatsue alionyesha mwisho wa korido. Pale palining'inia pazia la buluu.

Bafu la wanaume.

Jamani, hebu fikirini. Mwanamke amepanga mambo yake kwa uangalifu wa mshona kimono, halafu anaambiwa kuna mwanamume asiyemjua yumo majini, kaalikwa na mumewe kwa siri. Sumie aliwapitisha wanaume wote kichwani. Bosi wa zamani? Shemeji yake wa Gifu, yule anayekoroma? Au, Mungu apishe mbali, yule mhasibu ambaye Tadaomi alimtaka awe mume wa Nazuna? Kama ni mhasibu, basi kila kitu kimekwisha.

Alikaa kwenye benchi mbele ya pazia la buluu. Wazee wawili walitoka, wakamwona, wakashtuka, wakapita haraka wakijiziba vifua kana kwamba hawakuwa wamevaa.

Kisha akatoka kijana. Mwekundu kama kaa aliyechemshwa, taulo begani, yukata imefungwa ovyo. Hakumwona mtu. Alikwenda moja kwa moja kwenye jokofu lililo pembeni, akachukua chupa ya maziwa baridi, akaweka mkono mmoja kiunoni, akarudisha kichwa nyuma, akaanza kunywa kama wanavyofanya wote watokao bafuni.

"Ippei?" Sumie alisema.

Maziwa yalitoka puani.

"Mama!" Ippei alikohoa, akapiga magoti, akainama na chupa mkononi, maziwa mengine yakamwagika. "Mama! Mimi... Mama, sikuja kwa ubaya!"

"Inuka, utateleza. Umefuata nini hapa?"

"Baba ameniita."

"Baba yupi?"

"Baba wa Nazuna. Mume wako, mama."

Sumie aliteremka benchini, akakaa sakafuni karibu naye.

"Tadaomi amekuita wewe?"

"Alipiga simu wiki iliyopita. Mara ya kwanza akakata. Mara ya pili akakata. Mara ya tatu akaniuliza bei ya viazi. Nikamtajia, akasema ni ghali, akakata."

"Huyo ni yeye."

"Halafu akapiga tena. Akasema, njoo Kotomari Jumamosi, usimwambie Nazuna." Ippei alijifuta kidevu kwa taulo. "Alisema anataka kuniomba radhi mimi kwanza. Akishamalizana na mimi, ndipo atapata nguvu za kumkabili Nazuna. Alisema kwa Nazuna hajui aanzie wapi."

Sumie alichukua taulo la mkwe wake, akajifuta macho nalo, akalirudisha.

"Lina maziwa," Ippei alisema.

"Najua."

Wakaanza kucheka, wote wawili, pale sakafuni. Furaha iliyoje! Mama kamwita binti kwa siri, baba kamwita mkwe kwa siri, na wote nia yao moja. Mambo yamejinyoosha yenyewe.

Kicheko cha Sumie ndicho kilichokwisha kwanza.

"Ippei. Nazuna ulimwambia uko wapi?"

"Nagoya. Kwenye maonyesho ya wauza viazi."

"Kuna maonyesho ya wauza viazi?"

"Hakuna, mama. Ndiyo maana sijalala siku tatu. Sijawahi kumdanganya hata mara moja. Lakini bahati nzuri na yeye yuko Kyoto kwa rafiki yake, kwa hiyo..."

"Hayuko Kyoto."

"Yuko wapi?"

"Yuko ndani ya basi. Anakuja hapa. Nimemwita mimi."

Chupa ya maziwa ilimponyoka Ippei, ikabingirika mpaka kwenye pazia la buluu.

"Na wewe Baba alikwambia uje na usafiri gani?" Sumie aliuliza.

"Na basi la jioni. Lakini nilishindwa kukaa nyumbani, nimekuja na gari langu. Nimeliegesha nyuma ya kiwanda cha barafu."

"Kwa hiyo Tadaomi anadhani..."

Hakumaliza. Wote wawili waligeukia dirisha la korido. Mbali kule chini, kwenye kona ya ghuba, basi dogo la rangi ya maziwa lilikuwa linatokeza kwenye mwinuko wa barabara, likishuka taratibu kuelekea mjini.

Tadaomi hakuwa amekwenda kushusha chakula. Alikuwa kituo cha basi.

* * *

Gari la Ippei, walilolikimbilia sasa, ni dogo, la kubeba tanuri na magunia. Ana mazoea ya kuliwasha alfajiri akiwa na usingizi, kwa hiyo fundi alimuunganishia kipaza sauti na ufunguo: gari likiwaka, sauti nayo inawaka. Kazini hilo ni jambo zuri. Katika mji ambao wazee wameshakaa barazani kunywa chai, si zuri hata kidogo.

"Viaaazi! Viazi vya mooooto!"

"Zima!" Sumie alipiga kelele.

"Nikizima hiyo, gari linazima!"

"Viaaazi! Vitaaamu! Viazi vya mooooto!"

Ilikuwa sauti ya Ippei mwenyewe, iliyorekodiwa akiwa na mafua. Iligonga mlima ikarudi. Madirisha yalifunguka. Bibi mmoja alitoka nje na pochi yake akasimama katikati ya njia, mkono juu.

"Viwili, mwanangu! Visivyoungua!"

"Leo siuzi, bibi!"

"Sasa unapigia nini kelele?"

Ippei alimkwepa, lakini bibi hakukata tamaa. Akaanza kulifuata gari kwa miguu. Mbele yao mkokoteni wa samaki wa kukausha ulikuwa umeziba njia, na mwenyewe alikuwa anapanga trei moja moja kwa utaratibu wa mtu asiye na basi la kuwahi.

Tuwaache hapo, maana basi halikungoja.

* * *

Tadaomi alisimama chini ya kibao cha kituo, mikono imenyooka ubavuni. Alikuwa amekariri maneno yake tangu Jumanne, bafuni, kwenye kioo, hadi mbele ya paka wa jirani. Alikuwa na hofu moja tu: akimwona Ippei usoni, maneno yatamtoroka. Kwa hiyo basi lilipokaribia, kabla mlango haujafunguka, aliinama. Aliinama chini kabisa, mgongo umelala kama meza, macho kwenye lami.

Mlango ukafunguka. Abiria alikuwa mmoja tu. Tadaomi aliona raba nyeupe zikishuka ngazi na kusimama mbele yake, na begi likiwekwa chini kando ya raba.

Siku hizi vijana wote wanavaa raba nyeupe.

"Usiseme kitu," Tadaomi alianza, akiziambia zile raba. "Nikikatizwa nitasahau. Ippei. Nilirudisha boksi lako. Sikulifungua, ni kweli. Lakini harufu ilikuwa inatoka. Nilikaa nalo ofisini siku nzima kabla ya kulipeleka posta, na kila aliyeingia alisema, mkuu, kuna kitu kizuri hapa. Nilijua ni kizuri."

Raba hazikusogea.

"Nilisema sikutaki kwa sababu ya kazi yako. Ulikuwa uongo. Kazi yako haina ubaya. Nilimwona Nazuna anavyokutazama ulipokuwa umeinama pale. Zamani nikirudi kazini alikuwa ananitazama mimi hivyo hivyo, akiwa mlangoni na soksi zake zisizofanana. Nikaona zamu yangu imekwisha. Nikakuonea wivu. Mtu mzima na mvi zangu, nikamwonea wivu kijana wa viazi."

Dereva wa basi, mwenye glavu nyeupe, alikuwa ameshika usukani bila kupumua.

"Nisamehe. Huko Hokkaido baridi ni kali. Miguu yake hupoa haraka, tangu mtoto. Atakwambia hasikii baridi. Usimwamini. Mvalishe soksi. Nimemaliza. Ilikuwa na sehemu nyingine kuhusu theluji lakini nimeisahau."

Bahari ilisikika ikilamba ukuta.

"Baba," sauti ilisema. "Inuka."

Hakuinuka. Mgongo wa Tadaomi uligandia pale pale ulipokuwa. Sauti ile hakuwa ameisikia kwa miaka mitatu, lakini hakuhitaji kuambiwa ni ya nani.

"Baba, watu wanaangalia."

"Nazuna?"

"Ndiyo."

"Nimekuwa nikiongea na wewe muda wote huu?"

"Ndiyo."

Tadaomi aliinua kichwa kidogo, kiasi cha kuona magoti, kisha akakirudisha chini.

"Hiyo ilikuwa ya Ippei," alisema. "Yako bado sijaitunga."

Nazuna alijiziba mdomo. Asingejiziba angecheka, na angecheka angelia, na hakuwa amejiandaa kwa lolote kati ya hayo. Alikuwa amekuja na hotuba yake mwenyewe, kali, aliyoipika njia nzima ndani ya basi. Sasa hakuna hata neno lake moja lililofaa.

"Basi inuka," alisema kwa upole, "uitunge umesimama. Nasubiri."

Tadaomi akainuka. Mkono wake, bila kumwuliza mwenyewe, ukaokota begi la binti kama ulivyozoea kumbebea mkoba wa shule. Wakatazamana. Alikuwa amekonda kidogo, Nazuna, na nywele ameacha zikue. Baba alifungua mdomo.

"Lakini Baba," Nazuna alisema ghafla, "kwa nini ulidhani mimi ni Ippei? Ippei yuko Nagoya."

Tadaomi akafunga mdomo.

"Baba?"

Na hapo, kutoka juu ya mtaa, ikaja sauti yenye mafua:

"Viaaazi! Viazi vya mooooto!"

Nazuna aligeuka polepole sana. Sauti ile huisikia kila siku ya kazi, kabla hata ya chai. Gari lilikata kona likasimama nyuma ya basi, na ndani yake akaonekana mumewe, yukata imemlegea, kidevu kina maziwa. Pembeni yake alikaa mama yake, mtalawanda mmoja mguuni, mwingine haujulikani ulipo.

"Nazuna!" Ippei aliruka chini. "Naweza kueleza!"

"Maonyesho yalikuwaje?"

"Nazuna..."

"Umeuza sana? Watu walikuwa wengi?"

"Hakuna maonyesho," Ippei alisema, akainama. "Baba aliniambia nisikwambie."

"Na mimi Mama aliniambia nisimwambie Baba."

"Wewe ulimwita?" Tadaomi alimuuliza mkewe.

"Na wewe ulimwita?" Sumie akamjibu.

"Mwanangu, viazi vyangu," alisema yule bibi, aliyefika sasa akihema, pochi wazi.

Mtu mwingine angecheka hapo mambo yakaisha. Sitamlaumu Nazuna kwamba hakucheka. Alikuwa ameamka alfajiri, alikuwa amechoka kuliko walivyojua, na kwa miaka mitatu kila aliyemuuliza kwa nini alimchagua kijana wa viazi badala ya mtu wa ofisi, alimjibu neno moja tu.

"Hanidanganyi," Nazuna alisema. "Ndilo nililomwambia kila mtu, Ippei. Mama, shangazi, wote. Wakasema hana cheo, nikasema hanidanganyi. Baba hakuwahi kukupa hata kikombe cha chai. Mara ya kwanza amekwambia kitu, mmeshirikiana kunidanganya."

"Lakini na wewe ulisema Kyoto," Ippei alisema, kwa sauti ndogo.

Sumie alifumba macho. Mkwe wake ni kijana mwema, lakini hajui wakati wa kunyamaza.

Uso wa Nazuna ukawaka.

"Mimi nilikuwa na sababu."

"Sababu gani?"

"Nilitaka kumwambia Mama kwanza."

"Kumwambia nini?"

Dereva aliinama dirishani, akaomba radhi kwa kuwaingilia, akasema hili ndilo basi la mwisho kurudi stesheni na anaomba kujua kama kuna abiria.

"Yupo," Nazuna alisema.

"Nazuna, usifanye hivyo," Sumie alisema. "Mwanangu, njoo uoge kwanza. Tutaongea."

"Nitakupigia, Mama."

Alipanda. Akakaa kiti cha nyuma, akatazama mbele. Mlango ukafungwa, dereva akawainamia wote kwa heshima, na basi likaondoka.

Ippei alibaki katikati ya barabara kama mti wa kufungia kamba za nguo. Sumie aliketi kwenye ukingo wa ukuta. Tadaomi peke yake ndiye aliyetazama chini, kwa sababu kuna kitu kilikuwa kinamgonga mguuni.

Begi la Nazuna lilikuwa bado mkononi mwake.

Kilichokuwa kinamgonga ni beji ya mviringo, inayoning'inia kwenye mkanda wa begi kwa uzi mpya, bado mgumu. Ilikuwa na moyo wa waridi, na ndani ya moyo mama na mtoto. Tadaomi alikuwa ameziona beji hizo kwa maelfu, kwenye mabegi ya wanawake stesheni. Yeye mwenyewe alikuwa akiwafundisha wafanyakazi wake: ukiiona hiyo, tafuta kiti haraka, hata kama tumbo bado halijaonekana.

"Ippei," alisema. "Hii tangu lini?"

"Nini, Baba?"

Tadaomi aliinua begi. Ippei alitazama. Sumie alitazama. Bibi wa viazi naye alisogea, akavaa miwani, akatazama.

"Hongera," bibi alisema.

Ippei alikaa chini, palepale kwenye lami, na yukata yake.

Tadaomi hakumsubiri. Alimkabidhi mkewe begi, akapandisha pindo la yukata mpaka magotini, akavua mitalawanda akaishika mkononi. Miaka yote ya kazi alikuwa amewakataza watu kuikimbilia treni. Sasa akakimbia. Alikimbia peku kando ya ghuba, nywele zake za mvi zikipepea, akilifuata basi ambalo lilikuwa limeshafika kwenye nyavu za wavuvi.

"Baba Nazuna!" Sumie alimwita. "Gari lipo hapa!"

Hakusikia.

Mbele, taa za nyuma za basi zikawaka nyekundu. Basi likapunguza mwendo, likasimama mahali pasipo na kituo, pasipo na nyumba wala mtu wa kupanda. Mlango ukafunguka.

Hakuna aliyeshuka. Mlango ulibaki wazi, unasubiri, na Tadaomi akazidi kuukaribia, pumzi zikimwishia, na ile ya Nazuna alikuwa bado hajaitunga.